Kindred: Dana amenivunja moyo, nimekifunga kitabu

Binti Kurasa
Habari zenu wapenzi wa riwaya. Nasoma Kindred ya Octavia Butler, ile ya mwaka 1979, na katikati ya sura ya nne nimeshindwa kuendelea. Mliomaliza msinimalizie uhondo, nijibuni hapa hapa nilipokwama.

Kwa wasioijua: Dana ni mwandishi mweusi wa California. Siku anayotimiza miaka 26, Juni 1976, anashikwa na kizunguzungu, kufumba na kufumbua yuko kando ya mto huko Maryland, miaka ya 1810, na mtoto wa kizungu anazama. Anamwokoa. Mtoto ni Rufus, mrithi wa shamba la watumwa, na kila roho yake ikiwa hatarini Dana huvutwa kwenda kumnusuru. Kumbe Rufus ni babu yake wa kale. Hagar, bibi aliyeanza kuandika majina ya ukoo kwenye Biblia ya familia, hajazaliwa bado. Huyo Hagar atazaliwa na Rufus na mwanamke aitwaye Alice.

Nilivumilia mengi. Hata Dana alipofumaniwa akimfundisha Nigel, mtoto mtumwa, kusoma, akachapwa mjeledi na baba yake Rufus, nilisoma huku nimeuma meno, kwa sababu nilijua wa kumchukia. Lakini hapa? Alice alizaliwa huru. Alitoroka na mumewe Isaac, aliyekuwa mtumwa, wakakamatwa. Isaac akakatwa masikio, akauzwa Mississippi. Alice aliraruliwa na mbwa, akafanywa mtumwa, akanunuliwa na Rufus. Dana amemuuguza kama mtoto mchanga mpaka akapata fahamu zake. Halafu Rufus anamtuma Dana: kazungumze naye aje kwangu, la sivyo atapigwa na nitampata vilevile. Na Dana anakwenda!

Niambieni, huyu bado nimwite mwokozi?

Jicho la Mshumaa
Dada, asipozaliwa Hagar, Dana naye hayupo. Ndio mtego wenyewe. Ila mimi pia sikumwelewa. Upande ule wa Maryland ndiko walikozaliwa Harriet Tubman na Frederick Douglass, na wote wawili walitoroka utumwa wakafika salama. Kwa nini asimshawishi Alice akimbie?

Mama Wawili
Ndugu yangu Jicho, rudi usome taratibu. Dana anamwekea Alice njia tatu mbele yake: aende, apigwe na kuchukuliwa kwa nguvu, au atoroke tena. Ya tatu aliitaja. Lakini anamtajia mtu ambaye vidonda vya mbwa ndiyo kwanza vimefunga. Tubman mwenyewe alifanikiwa mwaka 1849, ndiyo, lakini kwa kila aliyefika wapo waliorudishwa kwa minyororo, na Alice ni mmoja wao.

Binti Kurasa, mimi nakuomba urudi jikoni kwa Sarah, yule mpishi mtumwa. Unakumbuka Dana alivyomdharau kimoyomoyo? Alimwona mwanamke aliyekubali utumwa kwa woga. Sarah, ambaye wanawe watatu waliuzwa ili mke wa bwana anunue samani mpya, akaachiwa Carrie peke yake, binti bubu. Hawakuhitaji kumfunga kamba, Carrie alitosha. Sasa mtazame Dana. Rufus amegundua kwamba naye anaye wa kumwonea huruma, na anamtumia vilevile. Niliposoma mara ya kwanza nilimlaumu Dana kama wewe. Mara ya pili nikajiuliza mbona ghadhabu zangu zote zinaangukia wanawake wawili wasio na amri hata juu ya miili yao, na Rufus nimemsahau kabisa.

Jicho la Mshumaa
Hapo umenishika. Nimesahau kweli.

Binti Kurasa
Mama, ahsante. Nimekifungua tena jana usiku, nikaanzia jikoni kama ulivyosema, kisha nikarudi kwenye mazungumzo yale. Kuna kitu nilikiruka kwa hasira. Alice anamuuliza Dana: wewe ungekwenda? Dana anajaribu kukwepa, eti hali zao si sawa. Alice anamuuliza tena, na Dana anajibu hapana.

Yaani alijua. Alikaa pale akijua, na Alice akamsikia, kisha akaamua kwenda. Sijamsamehe Dana, lakini Rufus ndiye niliyemlaani nikizima taa. Leo naendelea.