Anatapisha choo mvua ikinyesha halafu ananiuliza kama bahari nimenunua??

Wakuu naandika mikono inatetemeka, chumvi haijakauka mwilini na sina uhakika kama ni chumvi peke yake. Sitaji jina, watu wa Msasani wote mnamjua.

Jana usiku si imepiga ile mvua, sasa huyu bwana wingu likitanda anafurahi kuliko mkulima wa Morogoro, anafungua chemba anatapisha choo kwenye mtaro wa mvua, na ule mtaro hauna kituo, moja kwa moja baharini. Asubuhi nimeenda na mwanangu kuogelea, napiga mbizi, naibuka mdomo wazi nivute hewa, kitu hicho puani kinanisalimia. Dogo anauliza baba huyo samaki gani.

Nikaenda na bukta yangu inachuruzika mpaka kwake. Yuko barazani anakula changu wa kukaanga. Shikamoo nikatoa, nikaeleza. Kanitazama, katoa mwiba mdomoni: "Kwani bahari umenunua?"

Bahari nimenunua! Na changu mkononi! Changu yule kavuliwa Dodoma? Ana magari mawili, tripu moja ya gari la majitaka inamshinda. Nimeoga mara 40, nimejisugua na limao, bado nauona ule mwiba. Kwani bahari umenunua!

mzeewakazi: Mvua imepiga usiku asubuhi unaenda kuogelea, mwenye shida nani? Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndo inaosha lami yote, oili chafu za gereji, vumbi la matairi, mifuko, kila kitu mtaroni. Subiri hata siku 3.

fundi_bomba: Unalilia choo kimoja? Mto Msimbazi unaanzia huko milima ya Pugu, unapita Vingunguti, Jangwani, unabeba vya kila mtu unakuja kumwaga baharini pale daraja la Salenda.

Mleta uzi: Msimbazi haujaniuliza kama bahari nimenunua.

binti_feri: Changu alikuwa na kachumbari? 😂😂

wa_Kisauni: Nyinyi wa Bongo mwadeka. Huku Mombasa maji ya choo yaingia baharini pale Tudor peupe hata mvua haijanyesha, na maji ya kunywa twauziwa kwa mikokoteni!

mzeewakazi: Heri yenu mna mikokoteni, kwetu bomba linatoa upepo na bili inakuja.

Kapeto: Ila mzee wa changu nae msimuonee. Wale wa gari la kunyonya wanavuta maji ya juu tope wanaliacha, wiki 2 choo kimejaa tena na hela wameshakula.

binti_feri: Mimi walinivunjia mfuniko wa chemba wakaondoka wanapiga honi

Mleta uzi: Jamani uzi ni wa BAHARI

fundi_bomba: Kwani uzi umenunua?

Kapeto: 😂😂😂😂

binti_feri: Mwenye fundi wa mifuniko anisaidie, wangu kala adivansi toka Ramadhani, simu inaita tu