Naomba ushauri: wanafunzi wanachanganya dhamira na ujumbe

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi.

Nafundisha Kiswahili kidato cha nne, na mtihani wa taifa ni Novemba. Tunarudia istilahi za fasihi na ufahamu. Tashbihi na sitiari wameshika: "Juma ana nguvu kama simba", "Juma ni simba", hapo hawakosei. Tashihisi, yaani kukipa kitu sifa za mtu, nayo si shida.

Kinachoniumiza ni upande wa maudhui. Ukiwauliza maana ya dhamira (jambo kuu linalozungumziwa), wanaikariri vizuri kabisa. Wape habari wasiyoijua, uulize dhamira yake, wataandika "tusiwe wavivu". Huo ni ujumbe, yaani funzo! Dhamira ingekuwa uvivu na madhara yake. Na kichwa cha habari wanaandika sentensi nzima.

Nimejaribu kadi, neno upande mmoja na maana upande wa pili. Wamezidi kukariri tu. Sasa nafikiria kuanza na hadithi fupi, waseme wenyewe inahusu nini na inatufunza nini, majina ya istilahi yaje baadaye. Ila darasa lina watoto 70 na vipindi ni vya dakika 40.

Aliyewahi kufanya hivyo, makundi uliyagawaje? Nashukuru sana.