Naomba ushauri: konveta ya volti 12 kwenda 24 inayumba mzigo ukiongezeka

Habari zenu wakuu. Natengeneza konveta ya kupandisha volti 12 za betri ziwe 24. Koili ni mikrohenri 220, swichi inawaka na kuzima mara 20,000 kwa sekunde. Mzigo wa ampea 1 inatulia vizuri sana. Ukifika ampea 3 na betri ikashuka hadi volti 10, volti zinazotoka zinayumba na koili inalia. Nimepunguza namba za PI (sehemu ya programu inayorekebisha swichi ili volti zinazotoka zibaki 24), kuyumba kukaisha, ila sasa mzigo ukibadilika ghafla inachelewa mno kurudi 24. Hapo ndipo nimekwama.

Je, niweke jedwali la namba tofauti za PI kulingana na volti za betri na ampea, au programu ijirekebishe yenyewe ikiwa kazini? Na ikijirekebisha, nitaizuiaje isidanganywe na kelele za vipimo (kuchezacheza kwa vipimo kusiko kwa kweli)?