Nimegonga na pikapu ya kazi, boss asema gharama yote ni yangu. Ni haki kweli?

Dereva_Maweni
Assalaam aleikum ndugu zangu, naomba ushauri wenu maana kichwa kimejaa. Mimi ni dereva wa pikapu ya kusambaza maji ya chupa hapa Malindi, napeleka kwa mahoteli na maduka mpaka Watamu. Wiki iliyopita asubuhi niko na mzigo, nakaribia kona ya Gede, tuktuk mbele yangu ikakata kushoto ghafla ikasimama kuchukua abiria, nikakanyaga breki ikaingia chini mpaka mwisho, nikapampu tena ndio ikashika lakini nishaifikia, nikaibamiza nyuma. Abiria mmoja wa tuktuk ameumia mkono, mimi kifua kiligonga usukani mpaka leo nikikohoa nasikia. Pikapu imekwenda bampa, redieta, bonet na taa moja.

Sasa hizo breki nilisema kitambo. Nilimtumia supavaiza voisi kwa WhatsApp na picha ya mafuta ya breki yamechuruzika kwenye rimu ya nyuma, akanijibu "malizia wiki tutaangalia". Saa hii boss amekuja na bili ya garaji 186,000 asema mimi ndio nilikua kwa usukani kwa hivyo ni deni langu, atanikata 10,000 kila mwezi na mshahara wangu ni 24,000. Ameniandikia na karatasi nitie sahihi, imeandikwa nakubali niligonga kwa uzembe wangu na nitalipa gharama yote ya gari na ya tuktuk, na kama sitaki nirudishe funguo niende nyumbani. Nina watoto, kodi yaningoja. Nifanye nini?

Mzee_wa_Kisumu_Ndogo
Pole sana mwanangu, shukuru Mungu hakuna aliyekufa. Mimi nimeendesha magari ya watu maisha yangu yote na nakwambia kwa mapenzi, hapa pwani kazi ni ngumu. Kaa na boss wako kwa adabu, umuombe apunguze iwe hata 4,000 kwa mwezi, ulipe pole pole uendelee na kazi. Ukianza mambo ya mawakili utakua umeshinda kesi na huna unga. Wenye magari hapa wanajuana wote, ukitolewa kwa mmoja kwa ugomvi wa pili hakuchukui.

Bint_Shela
Mzee wangu kwa heshima zote hapo sikubaliani, na naomba huyu ndugu asitie sahihi kabla hajasoma hii. Nimefanya kazi ya bima na madai ya ajali miaka mingi, nimeona madereva wakitia sahihi karatasi kama hizo kwa woga halafu inakua ndio ushahidi wa kuwamaliza.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kifungu cha 19 imetaja vitu ambavyo mwajiri anaruhusiwa kukata kwa mshahara. Kwa mali iliyoharibika anaweza kukata kiasi cha kadiri tu, na tena iwe uharibifu umetokana na kosa ambalo mfanyakazi amelifanya kwa makusudi. Makusudi, sio bahati mbaya na sio breki zilizokataa. Kuna watu hushikilia ile ya theluthi mbili, kwamba makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara, wakidhani maadam boss hajafika hapo basi yuko sawa. Sivyo. Kwa mshahara wa 24,000 hio ni 16,000 na yeye ataka 10,000, kwa hesabu hajapita, lakini kama sababu yenyewe ya kukata haiko kwa sheria hata shilingi mia hawezi. Ndio maana wanataka hio sahihi, wapate kusema ulikubali mwenyewe.

Na kufukuzwa pia kuna njia yake. Kifungu cha 41 kinataka akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, akusikize kabla hajaamua, na una haki kuja na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. "Rudisha funguo uende nyumbani" sio kusikizwa.

Na jambo la haraka kuliko yote, hio gari ishatengenezwa? Kama bado, nenda polisi uulize kama imekaguliwa na mkaguzi wa magari, na uhakikishe umesema habari ya breki kwa maelezo yako. Fundi akishafunga breki mpya huna tena cha kuonyesha. Hio voisi na picha uzihifadhi, mtumie mtu mwengine unayemuamini, simu huibiwa simu huanguka baharini.

Mwenye_Pikapu_Mbili
Naomba nami niseme maana mkisikia boss mnadhani wote ni majambazi. Mimi nina pikapu mbili zabeba samaki na mboga, sina mamilioni. Gari ikigonga, hata ukiwa na bima kubwa kuna ile ekses walipa mwenyewe kwanza, na kama ni thadi pati, ile bima ya watu wengine tu, gari yako mwenyewe hakuna anayekulipa, ni hasara yako. Gari ikilala garaji mwezi mzima kazi imesimama na mkopo wa benki hausimami. Na kuna madereva wakijua hawalipi chochote watapiga matuta ya Msabaha kama wako ndege, simu sikioni, abiria wa njiani wamejaa nyuma. Mimi dereva wangu akigonga kwa upuuzi tunagawana, na hatujawahi kufika kwa wakili.

Lakini huyu kijana alisema breki mbovu. Hapo mimi kama mwenye gari singekua na uso wa kumdai hata senti. Gari yangu ikiambiwa ina breki mbovu inalala pale pale, samaki waoze.

Bint_Shela
Ndugu yangu uchungu wako naufahamu na nakuheshimu kwa hayo ya mwisho. Ila hata hio ya kugawana, ukiikata wewe mwenyewe kwa mshahara ni makosa yale yale. Kama waamini dereva amekutia hasara kwa uzembe, mlango ni kumshtaki mahakamani uthibitishe, na huko naye atapata nafasi ya kuuliza tairi zilikua vipi na gari ilienda sevisi lini. Usiwe wewe mdai, hakimu na mwenye kushika pesa kwa pamoja. Peislipi yenyewe kisheria lazima ionyeshe kila kato na ni la nini, na "deni la ajali" hapo litasomwa na afisa wa leba siku moja.

Sasa turudi kwa wale wa tuktuk maana hapa watu wengi huchanganya. Yule abiria aliyeumia mkono hadai pesa mfukoni kwa dereva. Mwenye tuktuk na abiria wakishtaki watawaweka wote wawili, dereva na mwenye gari, na maadam dereva alikua kazini, kwa njia ya kazi, na mzigo wa kazi, mwajiri hubeba kosa la mtu wake. Ndio maana sheria ya bima ya magari, Cap 405, inalazimisha kila gari barabarani iwe na bima ya kifo na majeraha ya watu wengine, na bima hio kwa mtu mmoja hufika shilingi milioni 3. Uharibifu wa tuktuk yenyewe inategemea karatasi ya bima inasemaje, boss aitoe isomwe. Kwa hivyo akimuandikisha dereva kwamba atalipa na tuktuk, anamtwika mzigo ambao pengine bima ishalipiwa kuubeba.

Kijana_wa_Mokowe
Mimi naendesha lori la mizigo mpaka jeti, gati ya mashua, hapa Mokowe, na nataka niongeze upande wa pili watu wasidanganyike wakadhani dereva hana lake kamwe. Kuna mwenzetu alichukua gari ya kazi Jumapili bila kuuliza akaenda harusini mji wa Hindi hapa Lamu, akaangusha gari mtaroni usiku. Hapo mwajiri alisema hio haikua kazi yangu na mimi sikumtuma, na wazee waliokaa kusuluhisha wakaona ana haki. Ukitoka nje ya kazi kwa mambo yako, au umelewa, au umempa utingo asiye na leseni aendeshe, bima yenyewe yaweza kukuruka na boss akakugeukia. Na faini ya trafiki kortini kama umepatikana na kosa la kuendesha ovyo ni yako wewe, jina lako ndilo liko kwa karatasi ya mashtaka. Ila hata mwenye gari anaweza kushtakiwa kwa kuruhusu gari mbovu itembee, hili wengi hawalijui.

Wewe ndugu wa Maweni ulikua na mzigo wao, saa zao, njia yao. Usikubali.

Muuguzi_Mlnd
Mbona hakuna aliyeuliza kifua? Ndugu yangu kugonga usukani na kukohoa kwa maumivu mpaka wiki ya pili sio kitu cha kunywa panadol ukalala. Nenda hospitali upigwe picha, kunaweza kuwa na ubavu ulioachana, na waandike kwamba ni ajali ya kazini, tarehe na jinsi ulivyoumia. Wewe umeumia kazini kwa hivyo matibabu yako ni jukumu la mwajiri chini ya ile sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, watu huiita WIBA, na hio haiulizi nani alikua na makosa barabarani kama ilivyo kwa kesi nyengine. Yeye anatakiwa kuripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7. Muulize kwa maandishi kama ameripoti. Ile bima ya thadi pati usiitegemee kwa hili, ni ya watu wa nje. Tafadhali nenda kesho, usingoje.

Dereva_Maweni
Allah awalipe kheri nyote, sikujua hata nusu ya haya. Nimekwenda polisi leo, nimepata abstrakti, ile karatasi ya polisi ya ajali, na nimeongeza maelezo ya breki, gari bado iko hapo kituoni haijatoka, afande asema mkaguzi hajaiangalia. Voisi na picha nimemtumia dada yangu. Hospitali naenda kesho asubuhi kabla ya chochote.

Boss nimemuandikia ujumbe kwa heshima, nimemwambia sitatia sahihi ile karatasi, niko tayari kukaa naye kikao na mwenzangu mmoja wa kazini, na naomba nione karatasi ya bima. Amesoma, bado hajajibu. Mzee wangu wa Kisumu Ndogo najua unanitakia mema lakini 186,000 kwa breki niliyoisema mwenyewe roho yangu haikubali.

Mzee_wa_Kisumu_Ndogo
Umefanya vizuri mwanangu. Mimi habari ya ile voisi sikuitilia maanani nilipojibu, na dereva aliyesema gari mbovu hafai kulipishwa. Kwenye kikao nenda na mtu mzima, sio kijana mwenzako, boss atakusikiza zaidi.

Bint_Shela
Na akikutoa kwa sababu hio, una miaka 3 ya kufungua madai, kwa mshahara wako hata hakimu aweza kuisikiza, na mahakama ya kazi pia iko hapa hapa Malindi. Ukianzia kwa afisa wa leba mara nyengine barua yake moja humaliza. Peislipi zako zote weka pamoja kuanzia leo.