Alaska kwa treni na meli: tuanzie nchi kavu au baharini?

Mama Tumaini:
Wakuu, habari za leo. Mimi na mzee wangu tunaishi Dallas, watoto wameshajitegemea. Mwakani tunatimiza miaka 25 ya ndoa na tumeamua kwenda Alaska: wiki moja ya meli kati ya Whittier, bandari ya huko Alaska, na Vancouver ya Kanada, na siku tano au sita za nchi kavu, yaani Fairbanks, Denali na Anchorage. Ninachotamani ni kuuona ule mlima Denali wenyewe, na barafu ikimeguka baharini.

Yanayonisumbua ni haya. Tuanze na meli au nchi kavu? Mzee ana goti linalomuuma, na boti ya Unguja tu humtapisha. Halafu yeye bado ana pasipoti ya Tanzania na grinikadi, mimi nimeshachukua uraia. Kanada watamsumbua? Tunafikiria mwishoni mwa Agosti. Hela tumezichanga muda mrefu, tusaidieni tusikosee.

Kijana wa Kibosho:
Hongereni sana, mama. Mzee hahitaji viza ya Kanada ilimradi ana grinikadi hai na pasipoti ya Tanzania ambayo haijaisha muda. Abebe vyote viwili, kimoja hakitoshi. Wanaokwama ni Watanzania walioko Marekani kwa viza ya matembezi. Hao lazima waombe viza ya Kanada. Na wasidhani kuanzia Seattle kutawaokoa: kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozilazimu meli za kigeni kugusa bandari ya nje, ndiyo maana zile za Seattle hupitia Victoria, nako ni Kanada.

Shangazi wa Anchorage:
Mdogo wangu, anzeni nchi kavu. Huko ni kuamka alfajiri, mabasi na kuhamahama hoteli. Fanyeni hayo mkiwa na nguvu, kisha meli iwapumzishe. Shukieni Fairbanks, pandeni treni hadi Denali, kama saa nne hivi, kisha treni tena hadi Anchorage, nayo ni mchana mzima. Goti la mzee halitalalamika, mtakuwa mmekaa dirishani.

Denali msilale usiku mmoja, nawasihi. Mlima una mita 6,190 na hujifunika mawingu siku nyingi. Watu wengi huondoka hawajauona. Laleni mbili, ikiwezekana tatu. Magari binafsi huishia kilomita 24 za mwanzo, kwa hiyo kateni tiketi ya basi la hifadhi. Barabara ilikatika katikati mwaka 2021 kwa maporomoko na daraja linajengwa, basi ulizeni inafika wapi kabla ya kulipa.

Mwisho wa Agosti mmechagua vizuri. Mbu wamepungua, nyasi na vichaka vinageuka vyekundu, na usiku wa Fairbanks unarudi kuwa na giza, kwa hiyo mkibahatika mtaona taa za kaskazini, zile nuru za rangi zinazocheza angani. Ila Ketchikan na Juneau, bandari za njiani mkiwa melini, kipindi hicho mvua ni nyingi. Chukueni makoti ya mvua ya kweli, mwavuli hausaidii kwenye upepo.

Mtembezi255:
Shangazi namheshimu, lakini kwa mtu anayetapika ningeanzia Vancouver. Mkitoka Whittier mnaingia Ghuba ya Alaska mapema, bahari ya wazi. Mkitokea kusini mnapita kwanza kati ya visiwa, maji mengi yametulia, mwili unazoea.

Binti Mkoani:
Anayeujua mkondo wa Nungwi hataiogopa ghuba hiyo. Chagueni chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, ndiko kunakoyumba kidogo. Dawa amuulize daktari wake, na aimeze kabla mawimbi hayajaanza; akishatapika imechelewa.

Mkifika Skagway, mpandishe treni ya White Pass. Ilijengwa 1898 hadi 1900 wakati watu wanakimbilia dhahabu ya Klondike, inapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita zaidi ya 870, na mzee atayaona yote akiwa kwenye kiti.

Mama Tumaini:
Mungu awabariki. Nimemsomea mzee, amekubali nchi kavu kwanza na Denali usiku tatu. Swali la mwisho: nilipie chumba chenye baraza upande upi ili nione barafu?

Shangazi wa Anchorage:
Upande wowote. Meli ikifika mbele ya barafu hugeuka taratibu ili pande zote zione. Cha muhimu zaidi angalia ratiba iseme Glacier Bay, ile ghuba yenye kuta za barafu, maana zinaruhusiwa meli kubwa mbili tu kwa siku na si kampuni zote zina nafasi. Siku hiyo tokeni nje mapema, mmevaa kofia na glavu, na msiondoe macho kwenye ukuta wa barafu. Kipande huanguka kwanza, mngurumo unafika baadaye. Ukisubiri sauti ndipo ugeuke, utakuta maji yanatawanyika tu.