Msaada wakuu: sheria ya Uingereza, neno la mwisho ni la Bunge au la jaji?

Mleta mada: Habari zenu wakuu. Nasoma sheria mwaka wa kwanza, hapa Dar. Wiki ijayo tuna mtihani wa vyanzo vya sheria ya Uingereza na nimekwama. Mhadhiri anasema Bunge ndilo lenye mamlaka ya juu, halafu hapo hapo anasema hukumu za majaji nazo ni sheria. Jaji anaipata wapi nguvu hiyo? Orodha ya vyanzo nimeikariri, ila kuielewa bado.

Wakili Mkongwe: Mdogo wangu, weka orodha pembeni, ufuatilie kosa moja tu. Chukua kuua kwa kukusudia. Pekua sheria zote za Bunge la Uingereza, hutakuta kifungu kinachoeleza kosa hilo ni nini. Maana yake imejengwa na majaji, na mpaka leo wanaanzia kwenye maneno ya jaji Sir Edward Coke wa karne ya 17. Humo ilikuwemo kanuni kwamba majeruhi asipofariki ndani ya mwaka mmoja na siku moja, aliyemjeruhi hashtakiwi kwa kuua. Hospitali zilipoweza kumshikilia mgonjwa kwa mashine muda mrefu, kanuni hiyo ikawa kichaka cha wauaji. Bunge likaifuta mwaka 1996, lakini maana ya kosa halikuigusa. Kwa hiyo Bunge likinyamaza, jaji anajenga. Likisema, jaji anatii. Jibu lako lianzie hapo.

Binti Mwanasheria: Naongezea. Usiandike "hukumu ni sheria" ukaishia hapo, utapoteza maksi. Kinachofunga ni ile sababu iliyobeba uamuzi, ratio decidendi. Soma Donoghue dhidi ya Stevenson, 1932. Mama alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake mkahawani Paisley, chupa nyeusi haionyeshi ndani. Akadai kuwa soda iliyobaki ilipomiminwa, alitoka konokono aliyeoza. Mkataba na muuzaji hana, maana hakununua yeye. Majaji watatu dhidi ya wawili wakasema mtengenezaji ana wajibu kwa mlaji wa mwisho. Konokono haifungi mahakama yoyote, wajibu huo ndio unaofunga. Na ni kesi ya Uskoti, ila Uingereza wanaifuata.

Mleta mada: Asanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Sasa sheria yetu inasema mahakama zetu zitumie sheria za Uingereza zilizokuwepo tarehe 22 Julai 1920. Hiyo kesi ni ya 1932. Kwetu ina nguvu gani?

Wakili Mkongwe: Swali zuri sana hilo. Haitufungi, inashawishi tu. Jaji wetu anaweza kuifuata akiona hoja yake ina mashiko, au akaiacha. Kinachomfunga ni sheria iliyotungwa Dodoma na uamuzi wa Mahakama ya Rufani. Na usiichanganye na Kenya, wenzetu tarehe yao ni 12 Agosti 1897.