Mwongozo wa kwanza wa blanketi la viraka: daftari la hesabu, kompyuta au kupanga sakafuni?

MshonajiNkuhungu
Habari za jioni wadau. Huu ni mwaka wa tatu nashona mablanketi ya viraka hapa Dodoma, kwa vipande ninavyonunua kwa mafundi wa Majengo. Baridi ya usiku wa Juni na Julai huku mnaijua, kwa hiyo wateja hawakosekani. Sasa kina mama wa kikundi chetu wameliona blanketi langu lenye mibuyu na wanataka niwaandikie mwongozo washone wenyewe. Nimekwama mwanzoni kabisa. Nichore kwenye daftari la hesabu, nijifunze programu ya kompyuta, au nipange vitambaa sakafuni hadi nipendezwe ndipo niandike? Ukubwa ni inchi 60 kwa 72. Aliyewahi kuandika mwongozo aniambie alianzia wapi.

FundiAreaC
Daftari, dada yangu. Kila kimraba kihesabu kuwa inchi 2. Bloku yako (ule mraba mkubwa unaorudiwa) ikiwa inchi 12, inachukua vimraba 6 kwa 6. Blanketi zima linakuwa bloku 5 kwa upana na 6 kwa urefu, jumla 30. Penseli, kifutio na rangi za watoto vinatosha.

Ila kuna mtego, na mimi ulininasa. Mchoro wa daftari unaonyesha kipande kikiwa kimeshashonwa. Blanketi langu la kwanza nilikata miraba ya inchi 4 kama ilivyo kwenye mchoro, tisa kwa kila bloku, nikaishona kwa mshono wa robo inchi. Bloku zikatoka inchi 10 na nusu. Nilipoziunganisha tano, upana ukawa inchi 52 na nusu badala ya 60, na kitambaa kilikuwa kimeshaisha. Tangu siku ile kila kipande nakiandikia namba mbili: kilichoshonwa 4, cha kukata 4 na nusu. Weka namba zote mbili kwenye mwongozo, usimwachie msomaji ajumlishe mwenyewe.

MchorajiMakulu
Fundi kasema vizuri, lakini kwa mtu anayetaka kugawa mwongozo mimi nashikilia kompyuta. Inkscape ni ya bure na ukishaipakua haili bando. Unachora bloku moja, unainakili mara 30, unabadilisha rangi kwa dakika chache. Ipo pia Electric Quilt, hiyo ya kulipia, imetengenezwa kwa kazi hii hii na inakukadiria hata kitambaa. Kwa mwongozo wa kwanza sioni sababu ya kuinunua.

Shida ya kompyuta inakuja kwenye kuchapa. Printa za steshenari nyingi hupunguza ukurasa kidogo ili uenee kwenye karatasi, na umbo la kukatia linapungua nalo. Chora mraba wa inchi 1 pembeni ya ukurasa, uandike “pima hapa kwanza”. Karatasi ya A4 ina upana wa inchi 8 na robo hivi, kwa hiyo umbo lolote lisizidi inchi 7 na nusu, la sivyo watu wataanza kuunga karatasi kwa gundi na vipimo vitahama.

BibiKolo
Wanangu, mmeongea hesabu tupu, kitenge hamjakitaja. Ua la kitenge linaweza kuwa kubwa kuliko mraba wenyewe. Ukilikata inchi 4 na nusu unapata nusu ya jani na kipande cha duara, na daftari haliwezi kukuonyesha hilo. Mimi natandika shuka jeupe sakafuni, napanga vipande, narudi nyuma hatua tano, napiga picha kwa simu. Kwenye picha ndogo rangi inayomeza wenzake inajitokeza yenyewe.

Na huo mbuyu uupunguze mikunjo. Nakaa karibu na michoro ya miambani ya Kolo, ile iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, na niliwahi kutaka kuwashona wale watu warefu wembamba kwa viraka. Mistari ile ina mikunjo, haitokani na miraba. Nikaishia kukata umbo zima na kulibandika juu ya kitambaa kwa mkono. Ikapendeza, ila ni kazi ya mtu mwenye uzoefu. Kwa wanaoanza, shina liwe mistatili, matawi yawe pembetatu.

MshonajiNkuhungu
Shikamoo bibi, umenigusa hapo kwenye mikunjo, shina langu lilikuwa limevimba katikati. Pembetatu ndizo zinanitesa, huwa zinavutika. Na nitajuaje yadi za kuwaandikia?

FundiAreaC
Usikate pembetatu moja moja, ukingo wa mshazari ndio unaovutika. Chukua miraba miwili ya rangi tofauti, ilaze uso kwa uso, chora mstari kona hadi kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, ndipo ukate juu ya mstari. Unapata miraba miwili yenye pembetatu mbili mbili. Ukitaka itoke inchi 4 ikishashonwa, hesabu kamili inasema kata inchi 4 na sehemu saba za nane. Kwa wanaoanza andika inchi 5, kisha waipunguze hadi 4 na nusu. Kitambaa kidogo kitapotea, lakini kona zitakutana.

Kuhusu yadi, mibuyu 30 itawachosha. Fanya bloku 15 mbuyu na 15 miraba tisa (mitatu kwa mitatu, rangi mbili zikipokezana), zipishane. Kitenge kihesabie inchi 42 za upana baada ya kufua na kuondoa kingo, kwa hiyo mkanda mmoja wa inchi 4 na nusu unatoa miraba 9. Kwenye bloku za miraba tisa, rangi ya kwanza inahitaji miraba 75 (mitano kila bloku), hiyo ni mikanda 9, inchi 40 na nusu: andika yadi 1 na robo. Ya pili miraba 60 (minne kila bloku), mikanda 7, inchi 31 na nusu: yadi 1 inatosha. Waambie wafue kabla ya kukata.

MchorajiMakulu
Miraba tisa ni ya tangu zamani, haina mwenyewe. Mchoro wa mbuyu ni wako, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda. Jina lako na mwaka viwe kwenye kila ukurasa.

BibiKolo
Marahaba mwanangu. Ukimaliza kuandika, mpe mtu ambaye hajawahi kukuona ukishona, na usikae naye. Mwongozo wangu wa kwanza nilimpa binamu yangu wa Bahi. Alinipigia simu mara tatu kwa sentensi moja tu, “geuza kipande”. Kichwani kwangu maana yake ilikuwa kukizungusha robo duara kuelekea kulia. Yeye alikigeuza ndani nje. Nikaifuta, nikachora mshale.

MshonajiNkuhungu
Basi nitaanza sakafuni kesho kwa vitenge vyenyewe, nichore upya kwenye daftari kwa vimraba vya inchi 2, na kompyuta nitamwomba mdogo wangu siku mwongozo ukishajaribiwa. Wa kujaribu nimempata, jirani yangu aliyenunua cherehani mwezi uliopita. Nimempa bloku moja tu ya mbuyu. Akishaishona nitaweka picha hapa, hata kama kona hazijakutana.

FundiAreaC
Iweke pamoja na rula juu yake, tuone kama imetoka inchi 12 na nusu kabla ya kuunganishwa.